Area C au Area D? Mabango yanayosomeka hata bila lugha

Stendi ya Sabasaba, hapa Dodoma, bibi mmoja alinionyesha karatasi aliyoandikiwa na mjukuu wake: "Area D", mtaa anaokwenda. Kusoma hajui, anazungumza Kigogo, Kiswahili anaokoteza. Konda alikuwa akiita "Eria C, Eria C!" na bibi tayari ana mguu mmoja ndani. Kwenye kelele za stendi, "sii" na "dii" ni mapacha.

Nabuni mabango ya usafiri. Mara nyingi, lugha ikileta shida, jibu la kwanza mezani ni kuongeza Kiingereza. Yule bibi kingemsaidia nini?

Mji wa Mexico ulipofungua metro, treni za chini ya ardhi, mwaka 1969, kila kituo kilipewa picha yake, katika mfumo wa michoro uliosimamiwa na mbunifu Lance Wyman. Chapultepec ni panzi, kwa sababu jina lenyewe lina maana ya kilima cha panzi. Asiyejua kusoma anashuka penye panzi. Tokyo ilipita njia nyingine mwaka 2004: herufi na namba, kwa hiyo kituo cha Ginza kwenye njia ya treni ya Ginza ni G09. Hilo linamfaa mgeni, lakini bibi yetu anahitaji panzi.

Dodoma ningeweka vyote viwili, na konda aite jina ambalo halifanani na la jirani yake. Sauti ya konda ni bango pia, tena ndilo linalotumika zaidi.

Saa ndiyo inayoninyima usingizi. Andika 8:00 kwenye tiketi ya basi: mwenyeji anaweza kusoma saa nane, mgeni akasoma kile tunachokiita saa mbili. Hapo kuna tofauti ya saa sita, na basi limeshafika Gairo. Kutafsiri hakusaidii, maana tarakimu ni zilezile. Lakini tazama saa ya ukutani. Mshale mfupi ukiwa kwenye 2 mchana, sisi tunasema saa nane, mgeni anasema "two o'clock", na wote tunatazama mshale uleule. Kwa hiyo nachora uso wa saa wenye mishale, pembeni jua au mwezi. Mchoro huo haubishaniwi, na hauchukui nafasi kubwa kuliko muhuri.

Michoro yote naipeleka soko la Majengo kabla ya kuchapwa, nawauliza watu wanaona nini, bila kuwadokeza. Kwa kituo cha Nanenane, kwa kuwa jina linatokana na sikukuu ya wakulima, nilichora suke la uwele. Wazee wa vijijini walilitambua papo hapo. Vijana watatu wa mjini walisema ni brashi ya kuoshea chupa. Wiki hii nachora upya, safari hii suke likiwa bado kwenye bua, na majani yake.