Kadi ya punguzo ya treni Uingereza: dhana potofu na ukweli

"Mtandao umeniuzia tiketi ya punguzo, basi mambo yako sawa." Hakuna dhana inayowatia watu hasara kama hii. Ukinunua tiketi mtandaoni au kwenye mashine ya stesheni, unabonyeza tu kwamba una Railcard (ndiyo kadi hiyo ya punguzo), theluthi ya nauli inakatwa, na kwa kawaida huombwi uthibitisho. Utaombwa na mkaguzi, treni ikiwa imeshika kasi. Ukikosa kadi, unahesabika huna tiketi halali. Kwa England, nauli ya adhabu tangu Januari 2023 ni pauni 100 juu ya nauli ya safari yenyewe. Ukilipa ndani ya siku 21, ile 100 inashuka hadi 50. Unaweza pia kufikishwa mahakamani.

"Kadi iko kwenye simu, chaji ikiisha wataelewa." Hawalazimiki kuelewa. Simu iliyozima ni sawa na kadi iliyosahaulika nyumbani, na picha ya skrini haikubaliki. Ila wapo pia wanaoamini kwamba ukisahau ndiyo basi tena. Si kweli. Masharti ya usafiri yanakuruhusu kudai ulichotozwa mara moja katika miezi 12, mradi upeleke ndani ya siku 28 kadi iliyokuwa hai siku ya safari. Tunza risiti, maana mkaguzi si lazima akukumbushe haki hiyo.

"Kadi inafanya kazi saa zote." Hapa, kwa maoni yangu, abiria wametegewa mtego. Kadi ya vijana wa miaka 16 hadi 25 ina kima cha chini cha nauli asubuhi za Jumatatu hadi Ijumaa, saa 10:30 alfajiri hadi saa 4:00, isipokuwa Julai na Agosti. Mwaka 2024 kima hicho kilikuwa pauni 12, yaani punguzo halikuweza kushusha nauli chini ya hapo. Mwaka huohuo kijana mmoja alitishiwa kushtakiwa kwa nauli iliyopelea kwa chini ya pauni 2 tu, kwa tiketi aliyouziwa na programu ya simu bila kuonywa. Kelele zilipozidi kampuni ikarudi nyuma, na serikali ikaagiza ukaguzi wa namna abiria wanavyoshtakiwa.

"Two Together, ile kadi ya watu wawili, ni ya mume na mke, yeyote kati yetu aitumie." Kwanza si lazima muwe wanandoa, marafiki wawili wanatosha. Pili, wote wawili wenye picha kwenye kadi lazima wawe pamoja safari nzima. Mmoja akishuka njiani, anayebaki hana punguzo. Ile ya Family & Friends (familia na marafiki) nayo haifanyi kazi bila mtoto wa miaka 5 hadi 15 katika msafara.

"Nikitimiza miaka 26 kadi ya vijana inakufa." Hapana. Ukiinunua siku moja kabla ya kutimiza 26, utaitumia mpaka muda wake uishe. Na wanafunzi wetu wa uzamili waliovuka umri huo wasijitoe: anayesoma muda wote katika chuo kinachotambulika anaruhusiwa kuichukua.

Kwa walioko London, kugusisha kadi ya benki getini hakuleti punguzo la Railcard. Kama Railcard yako ni ya aina inayokubalika, kama hiyo ya vijana, mwombe mfanyakazi wa stesheni aiunganishe na Oyster yako (kadi ya nauli ya London), upate theluthi saa zisizo na msongamano. Railcard yenyewe bado utembee nayo.