Sauti nzito peke yake haitangazi mpira
Hapa Mbeya, kijana akisema anataka kutangaza michezo redioni, watu humpima sauti kwanza. Ikiwa nzito, kazi kazaliwa nayo; ikiwa nyembamba, atafute shughuli nyingine. Si ajabu, maana msikilizaji hukutana na sauti tu.

Ila anayeenda mafunzo kwa vitendo kwenye kipindi cha michezo hushinda siku nyingi bila kusikika hewani: anakata mahojiano ya dakika 10 yabaki sekunde 40, anaandika habari fupi, anachunga kipimo cha sauti kisiingie kwenye nyekundu. Herufi "p" tu ni somo. Ukiitamka mbele ya maiki inapiga kama kofi, ndiyo maana maiki huwekwa pembeni kidogo ya mdomo.

Halafu kuna msikilizaji aliyepanda daladala Mwanjelwa sasa hivi. Hajui nani anaongoza. Mtangazaji mzuri humkumbuka, hurudia matokeo na dakika. Sikiliza mechi redioni robo saa, uhesabu anayarudia mara ngapi. Kisha jirekodi kwa simu ukitangaza mechi ya mtaani dakika 2, umpe asiyekuwepo akuambie mpira ulikuwa upande gani. Wengi hukwama hapo, wenye besi na wasio nayo.