Papa yupi?

Novemba 2015 nilikuwa nikikaa Kangemi, Nairobi, si mbali na parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, na wiki nzima hapakuwa na habari nyingine. Barabara zinafagiliwa, mitaro inazibuliwa, askari kila kona, na redio haimalizi dakika tano bila kusema: Papa anakuja, Papa atapita Waiyaki Way, Papa atawasalimu wakazi. Jirani yangu alikuwa amepokea mama yake kutoka Lamu, amekuja kumwona mjukuu mchanga. Mama yule akasikiliza taarifa hadi mwisho, kisha akaniuliza bila hata kutabasamu, "Mwanangu, na huyo papa akifika huku bara, ataogelea wapi?"

Alikuwa akinitania, bila shaka. Lakini kwake yeye, na kwa watu wengi wa mwambao, papa wa kwanza kujia akilini ni samaki: yule mwenye meno, anayekaushwa kwa chumvi, akapikwa mchuzi wa nazi ambao harufu yake hutangulia kukukaribisha kabla ya mwenye nyumba. Yuko papa nyangumi pia, mwenye madoadoa meupe mgongoni, ambaye wavuvi wetu humwita papa shilingi kwa sababu madoa yale yanafanana na sarafu zilizomwagwa. Kutoka kwa samaki huyo ndipo magazeti, hasa ya Tanzania, yakapata "mafisadi papa", wale wakubwa wanaomeza mali ya umma huku dagaa wakikamatwa.

Utani wa mama yule ulifanya kazi kwa sababu sarufi haikumzuia. Samaki ni kiumbe hai, askofu wa Roma ni kiumbe hai, na kwa hivyo wote wawili "wanafika", "wanakula" na "wanakufa" kwa viambishi vilevile. Ukisema "papa ameonekana Mombasa", msikilizaji hana budi kukuuliza: yupi? Tofauti hujitokeza kidogo kwenye wingi tu. Maaskofu wa Roma waliopita ni mapapa. Samaki kwenye jahazi ni papa kumi. Hata hapo wengi huchanganya, na "mapapa" wa ufisadi ni ushahidi.

Papa wa kanisa alitoka mbali. Kigiriki cha kale kilikuwa na neno la kitoto la kumwitia baba, *pappas*, nalo likapanda cheo likawa jina la heshima la padri na askofu. Ugiriki ya leo padri wa kawaida bado huitwa *papas*, na jina la ukoo Papadopoulos maana yake ni mwana wa padri. Kilatini kikalichukua kama *papa*. Mwanzoni halikuwa la Roma peke yake. Askofu wa Aleksandria, Misri, aliitwa hivyo tangu karne ya 3, na ni katika karne ya 11, enzi za Gregory VII, ndipo Kanisa la Magharibi liliposisitiza kwamba jina hilo ni la askofu wa Roma tu. Aleksandria haikulirudisha. Mkuu wa Wakopti ni Papa mpaka leo, na mkuu wa Waorthodoksi wa Kigiriki barani kwetu anaitwa Papa na Patriaki wa Aleksandria na Afrika Yote. Kwa hivyo Mworthodoksi wa Riruta na Mkatoliki wa Kangemi, ambao wanaweza kutembeleana kwa miguu, kila mmoja ana Papa wake.

Kiarabu hakina sauti ya p, kwa hivyo Papa anapovuka mpaka huo hugeuka *al-Baba*. Sisi nasi tuna "Baba Mtakatifu". Mtu akiona *Baba* cha Kiarabu na *Baba* chetu vikimtaja mtu yuleyule, atadhani ni neno moja. Njia zao ni tofauti kabisa: Kiarabu kilibadilisha herufi kwa kukosa p, sisi tulitafsiri maana.

Kuna jambo jingine ambalo sikio la Mswahili hulipoteza. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara, utake usitake. Mwitaliano anakaza mwanzo akimtaja Papa wa Roma, *papa*, lakini anakaza mwisho akimwita baba yake, *papà*. Mhispania naye ana *papa* na *papá*, na mtoto wa shule akisahau ile alama ya juu amemgeuza baba yake kuwa kitu kingine kabisa. Mkongomani wa hapa Nairobi akiita "papa" ana maana ya baba, au mwanaume yeyote wa kuheshimiwa. Ndiyo sababu wanamuziki wa Kinshasa tuliowacheza miaka yote wana Papa mbele ya majina yao, kama Papa Wemba na Papa Noel. Sisi tukiyatamka, yote yanakuwa papa mmoja.

Hicho kitu kingine cha Mhispania ni kiazi. Katika Kikechua, lugha ya milima ya Andes, *papa* ni kiazi cha mviringo, mmea uliolimwa huko kwa maelfu ya miaka kabla ya Wahispania kufika katika karne ya 16. Amerika ya Kusini ililishika neno kama lilivyo. Uhispania ikalichanganya na *batata*, neno la visiwa vya Karibi la kiazi kitamu, ikapata *patata*, na kutoka hapo Waingereza wakapata lao. Peru ina siku ya taifa ya papa kila 30 Mei. Lima kuna kituo cha utafiti wa viazi kilichoanzishwa mwaka 1971, jina lake la Kihispania likiwa Centro Internacional de la Papa, na kituo hicho kina ofisi hapa Nairobi. Msomaji wa Kiswahili akiliona jina hilo bila kuelezwa, ana haki kabisa ya kushangaa kwamba watu wanachunguza samaki mahali ambapo maji ya karibu ni ya bwawa. Wenyewe wanachunguza mambo ya Shangi, kile kiazi kinachojaa magunia Wakulima Market na kuishia chipsi.

Sasa, kwa nini baba ni papa, au kitu cha karibu na papa, kuanzia Ufaransa mpaka Kongo? Hapo hakuna haja ya kutafuta msafara wa wahamiaji. Mtaalamu wa lugha Roman Jakobson alieleza kwamba sauti za midomo, p, b na m, pamoja na a ya kufungua kinywa tu, ndizo rahisi zaidi kwa mtoto mchanga. Mtoto anafunga midomo na kuifungua, anarudia. Hajamwita mtu. Wazazi ndio wanaosikia, wanafurahi, na kila mmoja anadai ameitwa yeye. Kwa hivyo *mama*, *baba* na *papa* huzaliwa upya kila mahali, na ni jamii inayoamua nani apewe lipi. Wageorgia wa Kaukazi waliamua kinyume chetu: *mama* kwao ni baba, na mama ni *deda*. Mtoto wa Kigujarati wa Parklands humwita baba yake *pappa*.

Lakini Mgujarati huyohuyo anatakiwa kuwa mwangalifu na urefu wa irabu. *Pap*, ikivutwa a yake, ni dhambi, kutoka Kisanskriti *papa* yenye a ndefu: uovu, dhambi, jambo baya. Hapa mtoto mchanga hahusiki, wala Roma haihusiki.

Wamaori wa New Zealand wana *papa* pia, na kwao ni kitu bapa na kigumu, mwamba au ubao, na kwa upana zaidi ni ardhi yenyewe. Papatuanuku, ambaye kwa kifupi huitwa Papa, ni ardhi iliyo mama wa viumbe, mkewe Rangi ambaye ni mbingu. Papa ambaye ni mama! Na angalia nilivyoandika: *papa* ya Kimaori ni kitu *bapa*. Kuna mtu hapo ameshashika simu yake, tayari kuliandikia kundi la WhatsApp la ukoo kwamba Waswahili walifika New Zealand.

Ninawajua watu hao. Mmoja ni binamu yangu. Kila wiki anatuma orodha: neno hili la Kiswahili ni la Kiebrania, lile ni la Kijapani, hivyo sisi ni ndugu. Shida ni hesabu tu. Lugha za dunia ni kama 7,000. Sauti ambazo karibu zote zinazo ni chache, na silabi rahisi kama *pa*, ikirudiwa mara mbili, lazima iangukie maana fulani katika mamia ya lugha hizo. Ingekuwa ajabu zaidi kama samaki wa Lamu, kiazi cha Andes na dhambi ya Kisanskriti visingekutana mahali popote. Hata marubani wa uwanja wa ndege wa Wilson husema "Papa" siku nzima na hawamzungumzii yeyote kati ya hao. Wanataja herufi P katika usajili wa ndege, isisikike kama B redioni.

Undugu wa kweli kati ya maneno haupimwi kwa kufanana masikioni. Unapimwa kwa tofauti inayojirudia. Kiswahili kinasema *panda* mbegu, Kikuyu kinasema *handa*. Sisi mgonjwa *anapona*, wao wana *hona*. P yetu inasimama mahali pa h yao, neno baada ya neno, na mpangilio kama huo hauwezi kuletwa na bahati. *Panda* na *handa* havifanani kama *papa* na *papa*, lakini ndivyo vilivyo damu moja.

Tena iko papa moja ambayo niliiruka makusudi, kwa sababu tunaitumia kila siku bila kuiona. Si samaki wala si askofu. Ni ile ya "papa hapa", silabi ya mahali, *pa*, iliyorudiwa kutia mkazo: usiende kokote, papa hapa. Ipeleke Kikuyu kwa kanuni ileile ya p na h, na "hapa" inatoka *haha*. Simama jioni kwenye steji ya Kangemi, watu wakisubiriana, na utawasikia wawili kwenye simu, mgongo kwa mgongo. Mmoja anasema, "Niko papa hapa." Mwingine anasema yuko *haha*. Wanaonyesha mahali pamoja, kwa neno moja.