Sio kila Myahudi ni Mzayuni, na ubishi huu haujaanza jana

"Myahudi na Mzayuni ni kitu kimoja."
Hapana jamani. Dini na kabila la Kiyahudi ni vya maelfu ya miaka, Uzayuni ni harakati ya siasa ya juzi tu, ya kutaka Wayahudi wawe na nchi yao Palestina. Theodor Herzl, kiongozi wa harakati hiyo, alitaka mkutano wa kwanza wa Wazayuni wa 1897 ufanyike Munich, Ujerumani, waliomkatalia ni Wayahudi wenyewe wa Munich, na marabi wa Ujerumani nao wakapinga hadharani wakisema wao ni Wajerumani, Uyahudi ni dini yao, ndo ukahamishiwa Basel, Uswisi. Mwaka uleule kule Vilna (leo Vilnius, Lithuania) kikaanzishwa chama cha Bund cha wafanyakazi wa Kiyahudi, hawa walitaka haki zao palepale walipozaliwa, na lugha yao ya Kiyidi, sio kuhama.

"Azimio la Balfour lilishangiliwa na Wayahudi wote."
Azimio hilo ni tamko la serikali ya Uingereza la 1917 la kuunga mkono Wayahudi wawe na makao yao Palestina. Hii ndo inaniuma zaidi maana watu hawamjui Edwin Montagu. Mwaka 1917 yeye ndiye alikuwa Myahudi pekee kwenye baraza la mawaziri Uingereza, na ndiye aliyelipinga kuliko wote. Agosti aliwaandikia mawaziri wenzake kwamba sera hiyo ni ya chuki dhidi ya Wayahudi, kwa sababu ukishasema kwao ni Palestina basi kila nchi itapata kisingizio cha kuwaambia raia wake Wayahudi nendeni kwenu. Alishindwa, ila azimio lenyewe lilivyotoka Novemba lina kipengele cha kulinda haki za Wayahudi wa nchi nyingine.

"Wazayuni walitaka kuhamia Uganda."
Eneo ambalo Waingereza walitoa 1903 ni Uasin Gishu, upande wa Eldoret, Kenya ya leo. Kwenye mkutano wa Wazayuni, kura za kutuma watu wakalikague zilikuwa 295 za ndiyo kwa 178 za hapana, na kati ya waliokataa walikuwemo wajumbe wa Kishinev, mji ambao Wayahudi walikuwa wametoka kuuawa miezi michache tu nyuma! 1905 wazo likatupwa.

"Wayahudi wanaoipinga Israel ni wale wasio na dini."
Wasatmar, kundi moja la Wayahudi, ni washika dini hasa, na wanaamini uhamisho, yaani Wayahudi kutawanywa mbali na nchi yao ya kale, utamalizwa na Mungu kwa kumleta Masihi, sio na serikali ya watu. Ila usiruke upande wa pili ukadhani wao ndo wengi, Wayahudi wengi leo wanaiunga mkono Israel kuwepo.

"Ukiikosoa Israel tu, umeikataa."
Mwanafalsafa Martin Buber, na Judah Magnes aliyeongoza Chuo Kikuu cha Kiebrania Jerusalem, walikuwa Wazayuni na bado walidai nchi moja ya Wayahudi na Waarabu wenye haki sawa. Na humohumo Israel ubishi haujaisha, kuna raia walienda mahakamani waandikishwe utaifa wa "Muisraeli" badala ya "Myahudi", na 2013 Mahakama ya Juu ikawakatalia.