Bi mkubwa na bi mdogo: Nikon D90 na Sony RX100 katika mkoba mmoja

Mwezi uliopita binti mmoja ninayemfundisha kupiga picha alinitumia ujumbe wa sauti usiku. Ameonyeshwa kamera mbili za mtumba, bei zake zinakaribiana: Nikon D90 pamoja na lenzi yake ya kuzumu ya milimita 18-105, na Sony RX100, ile ya kwanza kabisa. "Da, nichukue ipi?"

Bahati yake, zote mbili ninazo na zote zinakwenda kazini. Kazi yangu ni harusi upande wa wanawake, hapa Unguja: usiku wa hina, kupambwa kwa bibi harusi, ukumbini. Watoto wangu walishazipa majina, bi mkubwa na bi mdogo. Zinakaa mkoba mmoja na, kama ilivyo katika ukewenza, kila mmoja ana siku zake.

Nilimjibu: unapiga nini, na kwa lenzi gani? Akaona namzungusha. Haya basi, tuzunguke pamoja.

D90 ilitoka 2008. Ni DSLR, yaani ndani yake mna kioo kinachoupeleka mwanga wa lenzi kwenye kitundu unachochungulia. Ukibonyeza, kioo kinaruka juu na mwanga unafika kwenye sensa (si ile ya kuhesabu watu, bali kibamba kinachogeuza mwanga kuwa picha). RX100 ilitoka 2012. Haina kioo wala kitundu. Unatazama skrini ya nyuma tu, na lenzi yake haibadilishwi. Mwili wa Nikon peke yake unazidi gramu 600 kabla hujafunga lenzi. Sony nzima, na betri na kadi ndani yake, ni gramu 240. Hiyo naiingiza kwenye mfuko wa dera na hakuna anayejua.

Wauzaji watakutajia megapikseli, yaani milioni za nukta za picha, kwa sababu ni namba rahisi. Nikon ina 12.3, Sony ina 20.2, basi Sony bora, biashara imekwisha. Kwa kazi ya albamu namba hiyo haina uzito mkubwa. Picha ya D90 ina upana wa nukta 4,288, zinazotosha kuchapisha karatasi ya sentimita 36 kwa 24 bila mtu kulalamika. Albamu zangu hazifiki hapo.

Kinachonihusu ni ukubwa wa sensa yenyewe. Ya Nikon ni milimita 23.6 kwa 15.8, ya Sony ni 13.2 kwa 8.8. Piga hesabu ya eneo utaona ya bi mkubwa ni zaidi ya mara tatu. Sensa kubwa inakusanya mwanga mwingi zaidi kwa mpigo mmoja, na mwanga ukiwa haba ndipo picha zinapojaa chenga. Sisi wapiga picha tunahesabu mwanga kwa stopu, stopu moja ikiwa ni mwanga mara mbili. Ukubwa huo unampa bi mkubwa kama stopu 1.7 za bure.

Wengi wakifika hapo wanafunga mjadala: chukua DSLR. Mimi nawaambia subirini, hamjaitazama lenzi.

Ile 18-105 iliyokuwa ikiuzwa pamoja na D90 tundu lake la kupitishia mwanga, likiwa wazi kabisa na ukiwa hujazumu, ni f/3.5. La RX100 ni f/1.8. Namba ikiwa ndogo tundu ni pana, na tofauti ya hayo mawili inakaribia stopu mbili. Faida yote ya sensa kubwa imeliwa na lenzi, tena bi mdogo amebaki na chenji. Chukua chumba cha hina chenye taa moja ya juu. Kwa kasi ya 1/60 ya sekunde, Sony inanipa picha kwa ISO 800 (ISO ni kiwango cha kamera kuukuza mwanga, kikipanda chenga nazo zinapanda). Nikon na lenzi yake hiyo inaniomba ISO 3200, na hapo ndipo mwisho wa viwango vyake vya kawaida. Zilaze picha hizo mbili pamoja kwenye kompyuta, hutajua ipi imetoka kwenye kamera kubwa.

Ukizumu mambo yanageuka. Lenzi ya Sony mwisho wake wa kuvuta ni f/4.9, ya Nikon ni f/5.6. Matundu hayo yameshakaribiana, kwa hiyo sensa kubwa inarudi kutawala. Bibi harusi yuko jukwaani, mimi niko meza ya tano: namtoa bi mkubwa.

Sasa mfungue bi mkubwa hiyo 18-105, umvalishe lenzi isiyozumu yenye tundu la f/1.8. Hapo si kamera ile tena. Tundu ni sawa na la Sony, sensa ni kubwa mara tatu, na mandhari ya nyuma yanayeyuka mpaka pazia la ukumbi linakuwa rangi tupu. Bi mdogo hawezi hayo, hata kwa f/1.8 yake, kwa kuwa lenzi yake ni fupi mno: ikiwa imefunguka kwa upana wote ni milimita 10.4 tu. Hii ndiyo sababu namuuliza mtu lenzi kabla ya kumuuliza kamera.

Lenzi rahisi ya namna hiyo ni 50mm f/1.8D. Haina mota, inategemea mota iliyomo ndani ya kamera. D90 inayo. D3000 na D5000 hazina, na nimewaona watu wawili waliokwisha kulipa ndipo wakagundua kwamba watazungusha fokasi kwa mkono maisha yao yote.

Ila nyumba za Mji Mkongwe zina neno lao juu ya 50mm. Dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, kwa hiyo vyumba ni virefu na vyembamba. Kwenye D90 lenzi ya 50mm inabana kama 75mm ya zama za filamu. Nilijaribu siku moja kumpiga mwali na somo wake, yaani mama anayemfunda, wakiwa wamekaa kitandani. Nilirudi nyuma, nikarudi, mgongo ukagusa ukuta, na bado somo hana bega. Nikatoa Sony, ambayo kwa hesabu hiyo ya filamu inaanzia upana wa 28mm, nikapata kitanda kizima na mito yake. Baadaye nilinunua 35mm f/1.8, na tangu hapo ile 50 huliona jua mara moja moja.

Hina yenyewe ni siku ya bi mdogo bila mashaka. Inasogea mpaka sentimita 5 kutoka kwenye kiganja. Na ule udhaifu wake wa kutoyeyusha mandhari hapa unakuwa neema, maana vidole vyote vitano vinatoka vikali, ua la hina lionekane kuanzia kifundo hadi ukucha. Tatizo ni kivuli. Ukisogea hivyo kamera inaizuia taa, basi mkalishe bibi harusi ubavuni mwa dirisha kama bado kuna mchana.

Jambo jingine ambalo sijaliona likizungumzwa vya kutosha ni mabuibui. Kipimo cha mwanga cha kamera kinachukulia kwamba kila unachokielekezea, kwa wastani, ni kijivu. Ukiwapanga akina mama kumi wenye mabuibui meusi, kamera inahisi giza, inaongeza mwanga, buibui linakuwa jivu na nyuso zinafifia. Ukimpiga bibi harusi mwenye shela jeupe lililojaa fremu, inapunguza mwanga na uso wake mweusi mzuri unazama gizani. Dawa ni kuipinga kamera kwa kitufe cha jumlisha na toa: kwa mabuibui toa, kwa shela jumlisha. Kwenye Sony naona matokeo kwenye skrini kabla sijabonyeza. Kwenye kitundu cha Nikon hakibadiliki kitu, unaona dunia kama ilivyo, na mpaka upige ndipo ujue. Wanafunzi wangu wote nawaanzishia kwenye kamera ndogo kwa sababu hii peke yake. Wakishazoea ndipo nawapa kubwa, na hapo mkono unajumlisha wenyewe.

Jua la saa saba mchana linaipindua hukumu hiyo. Skrini ya RX100 kwenye mchanga mweupe huwezi kuisoma, unapiga kwa kubahatisha huku umeifunika kwa kiganja. Kitundu cha D90 hakijali jua. Jioni nikipita Forodhani na kuwakuta vijana wakijirusha baharini, natumia Nikon, ingawa kwa karatasi inashindwa: yeye hupiga picha 4.5 kwa sekunde, Sony 10. Lakini Sony ikipiga kwa kasi hiyo inaifunga fokasi kwenye picha ya kwanza, na kijana akishajirusha hayupo pale tena. Nikon inamfuata. Tena gizani Sony inatafutatafuta fokasi, mbele nyuma, mbele nyuma, wakati Nikon kwa pointi yake ya katikati imeshashika. Nasema ya katikati kwa sababu kati ya pointi zake 11 za fokasi ni hiyo moja tu yenye macho ya msalaba, yaani inayosoma mistari ya wima na ya ulalo pamoja. Zile za pembeni usiziamini usiku.

Flashi sina mengi. Nikon ina mahali pa kufunga flashi kubwa juu yake, Sony haina, na kwa ukumbi wa watu mia tatu hilo linatosha kuamua. Bi mdogo ana kijiflashi kinachochomoza, na ukikivuta nyuma kwa kidole kinatazama juu na kuupiga mwanga kwenye dari. Kwenye nyumba mpya zenye dari jeupe la chini ni raha. Chini ya boriti, ndefu na nyeusi, mwanga haurudi. Na jihadhari na udi: chumba kikishafukizwa, flashi ya moja kwa moja inageuza moshi kuwa ukungu mbele ya nyuso zote.

Video usiulize. D90 ilikuwa DSLR ya kwanza kurekodi video, heshima yake naitambua, lakini ni 720 kwa dakika tano, haifuati fokasi, na ukigeuka haraka nguzo zinapinda. RX100 inarekodi 1080 na inafuata.

Betri ya Nikon kwa vipimo vya kiwandani ni picha 850, ya Sony ni 330. Kwangu betri moja ya Nikon inamaliza harusi. Lakini umeme ukikatika, Sony inachajiwa kwa waya wa micro-USB, ule wa simu za zamani, kutoka kwenye pawabenki, na Nikon inataka chaja yake na soketi ya ukutani.

Kinachoua kamera kwetu pwani ni unyevu na mchanga. Fangasi huota ndani ya lenzi kama utando wa buibui. Ikiingia kwenye lenzi ya D90 naitupa lenzi, mwili unabaki. Ikiingia kwenye kamera ndogo imeingia kwenye kamera yote. Halafu lenzi ile inayotoka na kurudi ni kama bomba la baiskeli, inavuta vumbi mpaka kwenye sensa, na huko hufiki bila kuifungua nzima. Kamera ndogo niliyokuwa nayo kabla ya hii niliiua mwenyewe: niliiweka kwenye mkoba uliotoka ufukweni, ikatafuna punje za mchanga, lenzi ikagoma nusu njia. Siku hizi zote zinalala kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, pamoja na vipakiti vya silika vilivyotoka kwenye maboksi ya viatu. Mchele msiweke. Unaacha unga, na unga nao ni vumbi.

Kwa hiyo nilimwambia binti: ukienda kuiona Nikon, piga picha moja ya JPEG, uje nayo. Idadi ya mipigo ya shata, lile pazia la ndani linalofunguka kila upigapo, imeandikwa ndani ya faili, na shata ya D90 imejaribiwa kiwandani kwa mipigo 100,000. Lenzi imulike kwa tochi ya simu kutokea nyuma, utafute utando. Sony iwashe na kuizima mara ishirini ukisikiliza lenzi, kisha upige ukuta mweupe kwa f/11 uone kama kuna madoa.

Alichukua Nikon. Muuzaji alikubali kubaki na 18-105 na kushusha bei, naye akaongeza kidogo akapata 35mm ya mtumba. Juzi amenitumia picha ya kwanza: mkono wa bibi yake umeshika kikombe cha kahawa, mkono mkali, kikombe kimefifia, alikaribia mno. Nimemwandikia arudi nyuma mpaka apate sentimita 30. Lenzi hiyo ndiyo karibu yake ya mwisho.