Testi inapita kwa Nanyamba, inafeli kwa Ng'apa

Sisi tunaoandika programu kwa Kiswahili tuna bahati yenye hila. Herufi zetu zote zimo kwenye ASCII, zile alama 128 ambazo UTF-8 na Windows-1252, njia mbili za usimbaji, yaani za kugeuza herufi kuwa baiti, huzihifadhi kwa baiti zilezile. Matokeo yake unaweza kujaza majaribio yako majina ya mahali kama Masasi, Newala, Tandahimba na Nanyamba, yote yakapita, na kumbe hujapima lolote kuhusu usimbaji wa herufi. Faili lisomwe hivi au vile, jibu ni lilelile.

Kisha anasajiliwa mkulima wa Ng'apa, kule Lindi.

Ile alama kati ya g na a ndiyo inayotuumbua. Ukiibonyeza kwenye kibodi ni baiti moja, 27 kwa heksadesimali. Lakini karani akiandika orodha ya vijiji kwenye Word, Word yenyewe huigeuza ikawa iliyopinda, ambayo kwenye Unicode, orodha ya namba za herufi zote, ni U+2019. iPhone nayo ina tabia hiyo. Kwa macho ni Ng'apa na Ng’apa, na kuna fonti ambazo hata tofauti huioni. Kwa kompyuta hayo ni majina mawili.

Testi ikifeli hapo, wengi huanza kukodolea macho mistari miwili ya ripoti, kilichotarajiwa na kilichopatikana. Usijisumbue. Skrini nayo ina usimbaji wake, inaweza kukudanganya pande zote mbili. Dai baiti. Kwenye Python andika `jina.encode("utf-8").hex(" ")`, kwa faili lililoko kwenye diski, amri ya `xxd`, inayoonyesha baiti za faili, inatosha. Ukipata hii, jina ni safi:

`4e 67 27 61 70 61`

Ukiona `e2 80 99` mahali pa `27`, hiyo ni alama iliyopinda ndani ya UTF-8 halali. Data haijaharibika, ni chaguo tu la alama. Ukiona `92` peke yake, faili limehifadhiwa kwa Windows-1252, na mara nyingi limetoka Excel kwa ile CSV ya kawaida. Hapo ndipo Python hulalamika kwamba haiwezi kufasiri baiti 0x92. Na ukikuta hii ndefu:

`4e 67 c3 a2 e2 82 ac e2 84 a2 61 70 61`

basi mtu amesoma UTF-8 akidhani ni Windows-1252, kisha akaihifadhi tena kama UTF-8. Kwenye skrini ni Ngâ€™apa. Inachukiza, lakini inarudishika. Isiyorudishika ni `ef bf bd`, alama ya kuziba pengo: ukiikuta, baiti ya asili imeshapotea, nenda kaitafute kwenye chanzo.

Ukishajua baiti zikoje, tafuta zilibadilikia wapi. Ni kama gunia la korosho: linapimwa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, linapimwa tena ghala kuu, na kilo zikipungua unajua pa kuanzia kuuliza. Pima kwenye faili la data, pima baada ya kulisoma, pima linapotoka kwenye hifadhidata, pima kwenye jibu la seva. Usiisahau testi yenyewe. Nikiletewa kesi ya namna hii, mtuhumiwa wangu wa kwanza ni msimbo wa majaribio, programu baadaye. Mtu kaandika `open("vijiji.csv")` bila kutaja `encoding`. Kwenye seva ya Linux Python huchukua UTF-8. Kwenye laptopu ya Windows huchukua usimbaji wa mfumo, kwa kawaida Windows-1252. Java iliondoa utata huo kwa toleo la 18, mwaka 2022. Kwa Python mabadiliko hayo yamepangiwa toleo la 3.15, na hata hapo mimi nitaendelea kuutaja usimbaji kwa mkono.

Kuna kituko kingine cha Windows: testi inapita ukiiendesha kwa mkono, inafeli ikiendeshwa kiotomatiki. Data haina kosa. Python ikiandika moja kwa moja kwenye dirisha hutumia UTF-8, ila matokeo yakielekezwa kwenye faili hurudi kwenye usimbaji wa mfumo, na ile alama ya vema, ✓, uliyoipamba ripoti haimo humo. Weka `PYTHONUTF8=1` kwenye mazingira ya majaribio, yameisha.

Safu ya kwanza ya CSV ikidaiwa haipo na unaiona kwa macho yako, tazama kama faili linaanza na `ef bb bf`, alama isiyoonekana inayojibandika kwenye jina la safu hiyo. Lisome kwa `utf-8-sig`.

Nisichokubali ni `errors="ignore"`. Mficha maradhi, kifo humuumbua: ile 92 inatupwa kimyakimya, Ng’apa inakuwa Ngapa, jina lililonyooka ambalo hakuna atakayelishangaa, ila halilingani na lililo kwenye sajili. Bora testi ianguke kwa kishindo.

Dawa ni kuamua alama moja na kubadilisha zote mlangoni, data inapoingia: U+2018, U+2019 na U+02BC ziwe 27. Usitegemee NFC, kanuni ya Unicode ya kuunganisha herufi na alama yake, ikufanyie hivyo, haizigusi. NFC itakufaa kwa majina ya ndugu zetu wa ng'ambo ya Ruvuma, kina João, ambapo ã inaweza kuja kama herufi moja au kama a ikifuatwa na U+0303. Yaweke yote mawili kwenye data yako ya majaribio.

Na kama mfumo wako unatuma SMS za malipo, hapa kuna hela. Alama iliyonyooka imo kwenye alfabeti ya GSM, inayobeba herufi 160 kwa ujumbe. Iliyopinda haimo. Ikiingia moja tu, ujumbe wote unahamia UCS-2, usimbaji wa baiti mbili kwa kila herufi, na kikomo kinashuka hadi 70. Ujumbe wa herufi 150 uliokuwa kipande kimoja sasa ni vipande vitatu, kwa kuwa ukikatwa kila kipande hubeba 67 tu, na bili huja kwa vipande. Testi yake ni fupi: pitisha ujumbe wenye Ng’apa iliyopinda kwenye njia nzima, kisha dai kwamba kinachotoka ni kipande kimoja.