Je, wajua? Faili ulilolifuta bado limo ndani ya flashi

Mwalimu wa skuli moja Wete amefuta mtihani wa muhula kwenye flashi kwa bahati mbaya. Faili halionekani, nafasi imerudi. Lakini maswali yake yote yamo mle mle. Vipi?

Flashi nyingi za GB 32 kushuka chini huja na mfumo wa kupanga mafaili uitwao FAT32, ambao Microsoft iliutoa mwaka 1996. Nafasi yote hukatwa mafungu yanayolingana, yaitwayo klasta. Windows ikiifomati flashi ya GB 32, kwa kawaida kila klasta huwa KB 16, na faili la KB 1 hula klasta nzima.

Kila faili lina mstari wake wa baiti 32 katika orodha ya folda: jina, tarehe, ukubwa na namba ya klasta ya kwanza. Hizo nyengine zinajulikanaje? Kwa jedwali la FAT, ambalo huwekwa nakala mbili. Humo kila klasta imeandikiwa namba ya inayoifuata. Tuseme mtihani umeanzia 500: ukitazama 500 unakuta 501, kwenye 501 unakuta 730, kwenye 730 unakuta alama ya mwisho. Umeruka hadi 730 kwa sababu 502 ilikuwa na mwenyewe. Klasta iliyoandikiwa sifuri ni tupu.

Ukifuta, herufi ya kwanza ya jina kwenye ule mstari hubadilishwa kuwa alama ya E5, na namba za jedwalini hurudishwa sifuri. Basi. Klasta zenyewe haziguswi. Karani wa ghala akikata jina lako daftarini, magunia yako ya karafuu hayajatoka. Ila atakayekuja ataambiwa aweke yake hapo hapo.

Kwa hiyo usihifadhi chochote kwenye flashi hiyo, hata picha moja. Programu ya kurudisha mafaili iweke kwenye diski ya kompyuta, na kinachopatikana kihifadhi huko huko. Programu hujua mwanzo na ukubwa tu, kwa sababu mnyororo wa namba za jedwalini umeshafutwa, hivyo hukisia kuwa klasta zimefuatana. Mtihani wetu inaweza kuusoma 500, 501, 502, na ukurasa wa mwisho ukaja na vitu vya faili jengine. Kwenye diski za SSD, zile za kompyuta zisizo na sahani inayozunguka, usijipe matumaini makubwa: kompyuta huiarifu diski kuwa nafasi ni tupu, nayo hujisafisha.

Ule mstari wa baiti 32 ndio pia unaokataa video ya harusi. Ukubwa umetengewa baiti 4 tu, kwa hiyo faili haliwezi kufika GB 4, hata flashi ikiwa tupu. Hamisha vilivyomo, kisha ifomati upya kwa exFAT, mfumo mwengine usio na kikomo hicho.

Ukiichomoa flashi katikati ya kunakili, jedwali huenda limeshaandikwa na mstari wa folda bado. Klasta zinabaki zimeshikwa bila mwenyewe. Amri ya Windows ya chkdsk E: /f (weka herufi ya flashi yako) huzikusanya kwenye folda ya FOUND.000, kwa majina kama FILE0000.CHK. Diski ya ndani ya Windows hutumia mfumo mwengine, NTFS, inayoandika kwanza mabadiliko inayotaka kuyafanya, kwa hiyo umeme ukikatika hujirekebisha yenyewe ikiwaka. Inachookoa ni mpangilio wa mafaili. Barua uliyokuwa hujaihifadhi imekwenda.